Barua ya wazi kwa wenzangu mnaowajazia jamaa zetu fomu za kodi Marekani

Lowell, Massachusetts
Januari 2026

Wenzangu,

Najua barua hii inawakuta msimu umeanza, simu hazinyamazi, watu wanaleta fomu zao za mshahara za W-2 katika bahasha za kaki, na wengi wenu mnaifanya kazi hii usiku baada ya zamu ya hospitali au ya nyumba ya wazee. Mimi ni miongoni mwenu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kuwajazia watu kodi hapa Lowell: Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi. Sijawahi kubandika tangazo. Fulani humwambia fulani kwamba yuko mama mmoja wa Mombasa, anajua hesabu na hasemi ya watu.

Nawaandikia juu ya jamaa zetu waliobadili jinsia au walio njiani kubadili, na juu ya gharama za matibabu yao. Nazungumzia watu wazima, wanaofanya kazi na kulipa kodi kama sisi. Najua wapo kati yenu watakaotaka kuikunja barua wakifika hapa. Nawaomba msome walau hadi kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu.

Machi 2023 alikuja mteja wangu wa siku nyingi, msaidizi wa wauguzi, mtu mpole asiyechelewa kuleta karatasi zake. Safari hiyo alikuwa na bahasha mbili. Moja aliiweka mezani, ya pili aliishikilia mapajani. Nikamuuliza maswali yangu ya kila mwaka: umehama, una mtoto, una mkopo wa nyumba, una gharama za matibabu? Hapo akanyamaza. Akaitazama ile bahasha, akaniambia, "Hakuna, mama."

Niliiona bahasha. Nilikuwa pia nimeshasikia habari zake, na nitawaeleza mbele nilizisikia wapi. Niliposikia "hakuna", nilishusha pumzi, kwa sababu nilikuwa nimeepushwa na mazungumzo nisiyoyataka. Nikamwekea punguzo la kawaida, akatia saini, akaenda zake na bahasha yake.

Novemba iliyopita alinipigia simu. Sasa ana jina jingine, na kwangu ni dada. Alinieleza kwamba mle ndani mlikuwa na risiti za dola 24,000, za upasuaji aliofanyiwa 2022 baada ya bima kumkatalia. Aliuza gari, akakopa kwenye chama, akamaliza akiba ya miaka sita. Nikamuuliza kwa nini hakunionyesha. Akasema, "Niliogopa utaniambia huo si ugonjwa."

Ningemwambia hivyo hivyo. Sikuwa na ubaya naye, nilikuwa sijui. Nilidhani matibabu yale yamo katika fungu moja na kung'arisha meno na kukaza ngozi ya uso, mambo ambayo sote tunajua kwamba Mamlaka ya Mapato, IRS, haiyakubali. Nimekaa miezi miwili nikisoma, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyajua siku ile.

Msingi wa yote ni kifungu cha 213 cha sheria ya kodi ya Marekani. Kinamruhusu mlipa kodi kutoa katika mapato yake gharama za matibabu zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato ghafi yaliyorekebishwa. Kinaeleza matibabu kwa upana: kupima, kuponya, kupunguza au kuzuia ugonjwa, au kitu chochote kinachogusa muundo au utendaji wa mwili. Mwaka 1990 Bunge lilikiongezea zuio la upasuaji wa urembo, isipokuwa ule wa kurekebisha kasoro ya kuzaliwa, jeraha la ajali, au umbo lililoharibiwa na ugonjwa. Kwa miaka ishirini watu waliobadili jinsia walikuwa wamebanwa hapo hapo, kati ya neno "matibabu" na neno "urembo".

Aliyewafungulia njia alitoka jimbo letu hili. Rhiannon O'Donnabhain alikuwa mhandisi, alizaliwa na kulelewa kama mwanamume katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland, akaoa, akapata watoto watatu. Alifanyiwa upasuaji 2001, na kwenye ritani ya mwaka huo aliandika gharama zilizopita dola 20,000. IRS ilimrejeshea kodi, kisha ikaja kumkagua na kumwambia kwamba hastahili: huo ni urembo. Fedha zilizokuwa zikigombaniwa zilikuwa kama dola 5,000. Wengi wetu tungemshauri alipe yaishe. Alikataa. Kesi ilisikilizwa Boston Julai 2007, na Mahakama ya Kodi ikatoa hukumu tarehe 2 Februari 2010. Majaji walio wengi walisema hali aliyokuwa nayo ni ugonjwa kwa maana ya sheria ya kodi, imo katika vitabu vya madaktari, na kwamba homoni na upasuaji wa sehemu za siri vilikuwa tiba yake. Mwaka uliofuata, Novemba 2011, IRS ilitangaza rasmi kwamba inaikubali hukumu hiyo.

Sehemu moja alishindwa, na hiyo ndiyo ninayotaka muisome mara mbili. Upasuaji wa matiti haukukubaliwa. Mahakama haikusema kwamba upasuaji wa matiti hauwezi kuwa tiba kwa mtu wa namna yake. Ilitazama maandishi ya daktari wake mwenyewe, ikakuta ameandika kabla ya upasuaji kwamba matiti yaliyoota kwa homoni yalikuwa na umbo zuri. Mistari michache katika daftari la daktari iligeuza tiba kuwa urembo. Kwa hiyo mteja akikuletea risiti, risiti peke yake haitoshi. Muombe barua ya daktari au ya mtaalamu wa afya ya akili inayosema hali yake ni ipi na kila hatua ya matibabu ilihitajika kwa nini. Ikae kwenye faili. Haitumwi pamoja na ritani, lakini siku ya ukaguzi ndiyo itakayozungumza.

Kuna jambo katika kesi hii linaloniuma. Ili apate haki yake, mama yule alilazimika kusimama mbele ya watu na kuthibitisha kwamba ni mgonjwa, huku mawakili wa serikali wakithibitisha kwamba si mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022, liliitoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia. Halikuifuta kabisa, ili watu wasikose matibabu na bima. Wateja wengine hawapendi neno ugonjwa, na nawaelewa. Mimi huwaambia wafikirie uzazi. Mimba si ugonjwa, na gharama za kujifungua huandikwa kwenye Jedwali A, fomu ya kuorodhesha makato, mwaka hadi mwaka bila mtu kuulizwa neno, kwa sababu sheria imetaja pia kile kinachogusa mwili na kazi zake.

Sasa hesabu niliyowaahidi. Mwaka 2022 mteja wangu alipata dola 52,000. Asilimia 7.5 yake ni 3,900. Toa hiyo katika 24,000, zinabaki 20,100. Ongeza kodi ya jimbo iliyokatwa kwenye mshahara, 2,400, jumla ya Jedwali A ni 22,500. Punguzo la kawaida nililompa lilikuwa 12,950. Nilimnyima tofauti ya dola 9,550, na yeye alikuwa katika daraja la asilimia 12: dola 1,146 za kodi ya shirikisho. Massachusetts nayo humtambulia gharama hizo hizo mtu aliyeorodhesha kwenye ritani ya shirikisho, na 20,100 kwa asilimia 5 ni dola 1,005. Jumla, dola 2,151.

Mkumbuke kwamba huyu ni mtu aliyekuwa akienda kazini kwa miguu kwa sababu ameuza gari.

Sisemi kila mtu atapata kiasi hicho. Punguzo la kawaida la mtu asiye na mwenzi kwa mwaka 2025 ni dola 15,750, na mwenye gharama za homoni tu, dola mia chache kwa mwaka, hatalifikia kwa Jedwali A. Mwambieni ukweli asijipe matumaini ya bure. Lakini mwambieni pia kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Kama mwajiri ana akaunti ya matumizi ya afya, ile ya FSA, mwaka 2026 mteja anaweza kuweka hadi dola 3,400 ambazo hazijakatwa kodi ya mapato wala asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare. Kama bima yake ni ile ya kuanza kulipa baada ya yeye kugharamia kiasi kikubwa, na ana akaunti ya HSA, kikomo ni dola 4,400 kwa mtu mmoja. Akaunti zote mbili zinafuata maana ile ile ya matibabu iliyo katika kifungu cha 213, na hakuna haja ya kuorodhesha chochote. Homoni, vipimo vya damu, ziara za daktari, vyote vinalipika humo. Mtu anayetarajia upasuaji mwakani anaweza kuupanga kwa akaunti hizi tangu msimu wa kujiandikisha bima, na ushauri huo ni wetu kumpa.

Mambo madogo yanayosahaulika: nauli ya kwenda kwa daktari wa mji mwingine inahesabiwa. Malazi yanahesabiwa hadi dola 50 kwa usiku kwa kila mtu, pamoja na ya msindikizaji anayehitajika. Chakula cha hotelini hakihesabiwi. Fedha alizokopa kwenye chama au kulipa kwa kadi ya mkopo zinahesabiwa mwaka aliolipa hospitali, si mwaka anaomaliza deni. Nguo na vipodozi haviingii. Na kilicholipwa na bima hakiandikwi, hilo mnalijua.

Nije kwenye bima, maana ndiko machozi yanakoanzia.

Mteja wangu alikataliwa kwa barua ya ukurasa mmoja iliyosema mpango wake hauhusishi matibabu ya aina hiyo. Aliitia droo. Hakukata rufaa kwa sababu aliamini barua ya kampuni ni hukumu. Sheria inampa mtu siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni yenyewe, na akishindwa humo, kwa kukataliwa kunakogusa uamuzi wa kitabibu ana miezi minne ya kuomba watu wa nje wasio na uhusiano na kampuni waipitie upya. Wangapi kati yetu tumewahi kumwambia mteja hivyo? Anatuletea bili, tunamuuliza kiasi, tunaandika.

Lipo swali moja la kuuliza kabla ya mengine yote: mpango huu wa bima fedha zake ni za nani? Kadi inaweza kuwa na jina la kampuni kubwa ya bima, kumbe anayelipa ni mwajiri kutoka mfukoni mwake na kampuni inamfanyia uhasibu tu. Mpango wa namna hiyo unaongozwa na sheria ya shirikisho ya 1974 iitwayo ERISA, na amri za jimbo kuhusu bima haziufikii. Ndiyo maana watu wawili wa mtaa mmoja, wenye kadi za rangi moja, mmoja alipiwe na mwingine akataliwe. Hapa Massachusetts idara ya jimbo inayosimamia bima ilizielekeza kampuni Juni 2014 kwamba haziwezi kumnyima mtu huduma kwa sababu ya utambulisho wake wa kijinsia. Mteja wangu angekuwa na bima inayosimamiwa na jimbo angelipiwa. Yake ilikuwa ya fedha za mwajiri. Hakujua, nami sikumuuliza. Jibu hupatikana ofisi ya wafanyakazi kwa swali la sentensi moja, na orodha ya visivyolipiwa imo nyuma kabisa ya kijitabu cha mpango, kurasa ambazo hakuna anayezisoma.

Kwa wazee wetu walio na Medicare, bima ya serikali, zuio la kulipia upasuaji wa kubadili jinsia lililowekwa 1981 liliondolewa tarehe 30 Mei 2014, baada ya Denee Mallon, mwanajeshi mstaafu mwenye umri wa miaka 74, kulipinga. Tangu hapo kila ombi linaamuliwa kwa hali ya mgonjwa mwenyewe.

Lakini mwaka uliopita upepo uligeuka. Juni 2025 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni kwamba kuanzia mipango ya 2026, bima za watu binafsi na za waajiri wadogo zisiyahesabu matibabu haya kuwa miongoni mwa huduma za msingi. Maana yake kwa mteja ni kwamba hata pale yanapolipiwa, kinga ya kikomo cha matumizi ya mwaka haimfuniki tena, na ruzuku ya serikali haigusi sehemu hiyo. Bima za watumishi wa serikali kuu na wa posta nazo zimeagizwa kuacha kulipia homoni na upasuaji wa kubadili jinsia kuanzia mwaka huu, isipokuwa kwa baadhi ya watu waliokuwa katikati ya matibabu. Tunao jamaa wengi posta. Katika sheria kubwa ya kodi ya Julai 2025, kipengele cha kuizuia Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, isilipie matibabu haya kilikuwamo kwenye muswada wa Baraza la Wawakilishi, kikaondolewa Senati. Kifungu cha 213 hakikuguswa. Kwa hiyo mzigo unahama kutoka bima kwenda mfukoni, na kinachotoka mfukoni kinatua mezani petu kikiwa risiti. Mwaka huu na ujao tutaziona nyingi kuliko zamani, tukiuliza vizuri.

Wengine mtaniambia, mbona sisi tulipie bima ya mambo ya watu wengine? Jiji la San Francisco liliuliza swali hilo lilipoanza kuwalipia wafanyakazi wake matibabu haya mwaka 2001. Kwa hofu ya gharama, kila mfanyakazi aliongezewa dola 1.70 kwa mwezi. Katika miaka mitano zikakusanyika zaidi ya dola milioni 5, na zilizolipwa kwa matibabu hazikufika nusu milioni. Jiji likaifuta nyongeza ile. Watu hawa ni wachache. Gharama yao ni kubwa kwa mmoja anayeilipa peke yake, na ikigawanywa kwa wengi haionekani, na hiyo ndiyo kazi ya bima tangu ilipobuniwa.

Sasa niseme la imani, kwa sababu nawafahamu. Miongoni mwenu mna wazee wa kanisa, mna walimu wa madrasa, mna viongozi wa vyama vyetu vya jumuiya. Sina nia ya kubishana na mtu juu ya dini yake. Mimi ni Mwislamu, na nina mteja mwenye duka la pombe. Kila mwaka naandika gharama zake zote, kodi ya pango, umeme wa majokofu, mishahara, hadi senti ya mwisho, kwa sababu ni haki yake kisheria na mimi nimechukua ujira wake. Sijawahi kumficha punguzo lake ili aione hasira ya Mungu kwenye kodi yake. Huyu msaidizi wa wauguzi ndiye niliyemfanyia hivyo, kwa kunyamaza kwangu.

Na hapa nitimize ahadi, niwaambie habari zake nilizisikia wapi. Nilizisikia harusini. Mwenzetu mmoja katika kazi hii, ambaye mteja wangu alikuwa amemwendea kwanza akauliza tu kama gharama hizi zinakubalika, alizitoa kwenye meza ya biriani, na jina akalitaja. Walicheka watu wanane. Mimi sikucheka, lakini pia sikumwambia anyamaze, na kabla ya mwezi kwisha mteja alikuwa ameacha kwenda kwenye mikutano yote ya jumuiya. Nawakumbusha kwamba kifungu cha 7216 cha sheria ya kodi kinaifanya kuwa jinai kwa anayejaza ritani kutoa nje taarifa alizopewa kwa kazi hiyo: hadi mwaka mmoja gerezani na faini ya dola 1,000. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi ndio kata. Tunajua nani anamtumia nani fedha nyumbani, nani ameachana na nani, nani anadaiwa. Tukimwaga hili tutamwaga na mengine, na hakuna atakayetuletea tena bahasha iliyojaa.

Kuna siri nyingine inayovuja bila mtu kusema neno. Kijana anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi hadi atimize miaka 26. Akienda kwa daktari, kampuni hutuma maelezo ya kilicholipwa kwa mwenye bima, yaani baba au mama. Namfahamu kijana wa miaka 23 ambaye baba yake aliifungua barua hiyo akidhani ni bili, akasoma jina la kliniki na aina ya huduma. Kijana alilala kwenye gari majuma matatu, Februari, katika baridi mnayoijua. Massachusetts ina sheria tangu 2018 inayomruhusu mgonjwa kuagiza maelezo hayo yatumwe kwake mwenyewe. Na popote mlipo katika nchi hii, kanuni za shirikisho za faragha ya afya zinaitaka kampuni ya bima ikubali ombi la kubadili anwani pale mtu anapoeleza kwamba barua ikimfikia mwingine itamhatarisha. Ni fomu fupi. Tuwe nazo mezani, tumpe kila kijana aliye kwenye bima ya mzazi bila kumuuliza ana nini.

Na suala la jina, kwa sababu nimeona ritani zikirudi. Mteja anaweza kuwa amebadili jina mahakamani huku Social Security hawajaarifiwa. Ukiandika jina jipya, kompyuta ya IRS inaweza kuikataa ritani kwa kuwa jina na namba havilingani. Kwenye fomu andika jina lililo kwa Social Security siku hiyo, na umweleze sababu kwa upole. Mdomoni mwako mwite jina analotaka. Kama hujui umwite kaka au dada, muulize, kama tunavyomuuliza mtu mzima tusiyemjua, "Nikuite nani?"

Baada ya miaka yote hii ya kuishika fomu ya 1040 kila siku, Novemba ile ndipo nilipoitazama vizuri. Inauliza jina, namba, anwani, kama umeoa au kuolewa, watoto wanaokutegemea, hata kama umeuza sarafu za kidijitali. Jinsia haiulizi. Hakuna kisanduku chake popote. Lugha yetu nayo iko hivyo hivyo: "ameleta risiti zake" inatosha, haituambii ni mwanamume au mwanamke, na ritani inajazika.

Nina ombi moja la haraka. Ritani za mwaka 2022 zilizowasilishwa kwa wakati, Aprili 2023, zinatimiza miaka mitatu Aprili hii. Baada ya hapo IRS hairejeshi tena, hata risiti ziwe safi namna gani. Ya kurekebishia ni fomu ya 1040-X, na ya jimbo hufuata. Ya mteja wangu niliituma wiki iliyopita, na ujira sikumtoza.

Fungueni mafaili yenu ya mwaka ule. Mtawakumbuka walionyamaza mlipouliza juu ya matibabu. Wapigieni simu wao wenyewe, si ndugu zao, na waambieni walete bahasha ya pili.

Mwenzenu katika kazi,
Lowell